"Niko nyumbani tu": kazi isiyo na mshahara na mali ya wanandoa

Kila mtu anayefika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hujaziwa fomu: jina, umri, mtaa, namba ya simu, kazi. Kwenye kazi ndipo kalamu husimama. Mama mwenye watoto wanne, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi maji kabla foleni haijawa ndefu, mwenye tuta la mchicha nyuma ya nyumba na ndoo ya maandazi inayotoka kila asubuhi, akiulizwa kazi yake hujibu bila kusita: "Sina kazi. Niko nyumbani tu." Karani naye anaandika alichoambiwa.

Mwezi mmoja baadaye jibu lile lile linamrudia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Mume anasimama na kusema: "Nyumba nimejenga mimi. Huyu alikuwa nyumbani tu." Na mama anatuangalia sisi, kwa sababu hana la kujibu. Ameshajisemea mwenyewe.

Ni kweli maisha yamebadilika. Wanawake wanaendesha bajaji na malori, wanasimamia maghala, wanalipa ada za shule, na tangu tarehe 19 Machi 2021 Rais wa Tanzania ni mwanamke. Wapo akina baba wanaopeleka watoto kliniki wakiwa wamewabeba begani, jambo ambalo baba zetu wengi wasingethubutu. Lakini hesabu ya ndani ya nyumba, yaani nani amechangia nini, bado tunaipiga kwa kanuni za zamani: kilichotoka mfukoni ni mchango, kilichotoka mikononi ni wajibu wa mke. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza haki zao, na sheria yenyewe ilishalisema jambo hili zamani kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaipa mahakama mamlaka katika kifungu cha 114 kugawa mali ambazo wanandoa wamezichuma kwa juhudi zao za pamoja, inapotoa talaka au amri ya kutengana. Katika kugawa, mahakama inaangalia mila za jamii wanayotoka, mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni yaliyobebwa kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo kama wapo. Ikishayapima hayo, inatakiwa ielekee kwenye mgawo ulio sawa. Tazama tena maneno yale matatu: fedha, mali, kazi. Sheria haikuishia kwenye fedha.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa majaji hawakukubaliana kuhusu neno "kazi". Wengine waliona kwamba kupika, kufua na kulea ni mambo ambayo mke anawajibika kuyafanya kwa kuwa ni mke, kwa hiyo hayawezi kumpa fungu katika nyumba iliyonunuliwa na mume. Wengine waliona kwamba mume asingeweza kwenda kazini akiwa ameshiba, amevaa nguo safi na hana wasiwasi na watoto, kama nyumbani kusingekuwa na mtu anayefanya kazi. Mvutano huo ulifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemnyima Bi Hawa fungu katika nyumba kwa maelezo kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake. Neno "tu" lilikuwamo hata humo.

Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijiuliza sheria ya 1971 ilitungwa ili kuponya tatizo gani. Jibu lake lilikuwa kwamba ilitungwa kuondoa ukandamizaji na unyonywaji wa wanawake walioolewa. Ukiisoma kwa macho hayo, kazi za nyumbani za mke ni sehemu ya juhudi za pamoja zilizochuma mali. Huo ndio msimamo wa sheria Tanzania Bara kwa zaidi ya miaka 40 sasa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu shauri hili husimuliwa nusu. Wengi wakisikia jina la Bi Hawa hudhani alishinda nyumba. Hakupata. Mahakama ilikubali hoja yake ya kisheria, halafu ikatazama ushahidi na kuona kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia naye akazitapanya. Kwa hiyo rufaa yake ikakataliwa. Wanawake waliokuja nyuma yake ndio wamevuna alichopanda. Ninaposimulia kesi hii kwenye mikutano ya mitaa huwa natazama nyuso, na najua wanaoelewa ni wale wanaouliza: kumbe kazi ya nyumbani inahesabika, lakini na mwenendo wangu kwenye fedha ya familia nao unahesabika? Ndiyo. Vyote viwili.

Na kuhesabika si sawa na kupata nusu. Mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba kuwa na cheti cha ndoa peke yake hakutoshi. Kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi. Wenzetu wa Kenya wamefika mahali hapo hapo kwa njia yao. Sheria yao ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 imetaja waziwazi kwamba mchango usio wa fedha ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani, lakini Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa mbele ya Katiba haumaanishi kila mmoja anabeba nusu bila kuonyesha alichochangia. Zanzibar ina utaratibu wake, na mashauri ya ndoa za Kiislamu huko husikilizwa na Mahakama za Kadhi. Anayeishi Unguja au Pemba asitegemee kifungu cha 114.

Kazi yenyewe si ndogo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018, kwa takwimu za nchi 64, kwamba kazi za kutunza nyumba na watu bila malipo huchukua saa bilioni 16.4 kila siku. Ni kama watu bilioni 2 wafanye kazi saa 8 kwa siku bila senti. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake.

Mwanamke anapopata ajira, kazi hiyo haitoweki, na mara nyingi haiendi kwa mume. Inakwenda kwa dada wa kazi, binti aliyetolewa kijijini, ambaye naye ukimuuliza mwajiri wake atasema "yuko nyumbani tu". Tunajipongeza kwamba majukumu yamebadilika, kumbe yamehama kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine aliye mdogo na maskini zaidi. Ikifika jioni, mama mwenye ajira anashuka kwenye daladala na kuanza zamu ya pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba alipewa angalau siku 3. Siku tatu zinatosha kununua ndizi na kuku wa supu. Kujifunza kumwogesha mtoto hazitoshi, na namna hiyo tunamweleza baba mapema kabisa kwamba kulea si kwake.

Mabadiliko yamewafikia wanaume pia, na wao wanaumia kimyakimya. Kiwanda kinapunguza watu, mume anarudi nyumbani, mke ndiye mwenye saluni inayolisha familia. Mume anaanza kupika na kuwapeleka watoto shule. Mtaani anaitwa marioo. Akionekana anaanika nguo, mashangazi wananong'ona kwamba amelishwa limbwata. Nimewaona wanaume wazima wakificha kwamba wanafua. Napenda wajue kwamba kifungu cha 114 hakikuandika "kazi ya mke". Kimezungumzia mchango wa kila upande kwa kazi. Baba aliyelea watoto miaka sita wakati mkewe akikuza biashara ana hoja ile ile ambayo mahakama iliikubali mwaka 1983. Na mke mwenye biashara anayesema "mali zote ni jasho langu, huyu alikuwa anakaa tu" anarudia maneno yale yale ya waume tuliowalalamikia.

Linaloleta ugomvi mkubwa mezani kwetu ni fedha ya mke. Utasikia: pesa yake ni yetu, pesa yangu ni yangu. Kuna ukweli wa kisheria nyuma ya msemo huo. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinamtwika mume wajibu wa kumtunza mke au wake zake kwa malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake, na kinamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Sheria ile iliandikwa ikimwazia mwanamume mwenye mshahara na mwanamke asiye nao. Mimi naona kifungu hicho kimepitwa na wakati, kwa sababu huwezi kudai mali ichukuliwe kuwa ya pamoja siku ya talaka huku matumizi yakiwa ya mmoja siku zote za ndoa. Lakini maadamu hakijafutwa, ndicho kinachotawala, na mume asikitumie kipato cha mke kama kisingizio cha kuacha kutoa matunzo.

Sasa kuhusu majina. Nyumba au kiwanja kikiandikwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni mali yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Kikiandikwa majina ya wote wawili, inadhani mafungu yao ni sawa. Tofauti hiyo ni safari moja tu ya ofisi ya ardhi wakati mnapendana, na ni miaka ya kesi mkishagombana. Vijijini, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi kwa kiwango kile kile na masharti yale yale kama mwanamume. Hata kiwanja ambacho mmoja alikuwa nacho kabla ya ndoa kinaweza kuingia kwenye mgawo, kama kiliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakiwa kwenye ndoa. Wengi hawalijui hili. Mume alinunua kiwanja akiwa kijana, wakaoana, wakajenga vyumba vitano, halafu anasema "alinikuta nacho". Mke alikikuta kiwanja. Vyumba vitano hakuvikuta.

Nyumba ya ndoa vilevile haiuzwi, haipangishwi wala haiwekwi dhamana bila ridhaa ya mwenza. Siku hizi mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu imeingia kila mtaa, na karatasi za ridhaa husainiwa jioni, kwa haraka, taa ikiwa hafifu. Usisaini usichosoma. Na wewe mume uliyeletewa fomu na mkeo wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, maneno haya ni yako pia. Walioishi pamoja kama mke na mume bila cheti kwa miaka miwili au zaidi nao wasikate tamaa, kwa kuwa sheria inaweza kuwadhania kuwa wanandoa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa, na mahakama ikawagawia.

Ndoa ikifika pabaya, kwa kawaida mlango wa kwanza ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayowaruhusu kwenda mahakamani. Mahakama ya Mwanzo inatosha. Huhitaji kuanzia Mahakama Kuu. Beba daftari la kikoba lenye marejesho yako, risiti za saruji hata zikiwa zimechakaa, ujumbe wa simu wa fedha ulizomtumia fundi, kadi za kliniki, stakabadhi za ada. Kama huna karatasi hata moja, usibaki nyumbani. Fikiria nani alikuwepo wakati mnajenga. Nani alikuona ukichota maji ya kumwagilia tofali zisipasuke? Nani alikula ugali uliowapikia mafundi wiki tatu mfululizo, ukiwa na mtoto mgongoni? Tafuta namba ya fundi yule. Mwombe aje aeleze alichokiona, na karani akikuuliza kazi yako ni nini, mtajie kazi hizo moja baada ya nyingine, aziandike.