Kabla hujaiacha Caravan

Juma lililopita kijana mmoja wa Ujiji alinifuata uwanja wa ndege hapa Kigoma. Leseni yake ya urubani wa biashara haijatimiza miezi mitatu. "Shikamoo kapteni," alianza, nikaitikia, ndipo akatoa lililomleta. Kampuni moja ya ndege ndogo za kukodi imemwita aanze kazi, na wakati huohuo yuko kwenye orodha ya wanaosubiri usaili wa shirika la ndege huko Dar. Wazee nyumbani wanamwambia rubani ni wa ndege kubwa. "Wewe ulishafika huko, kaka. Mbona ulirudi?"

Sikuweza kumjibu pale pale, maana abiria wa hifadhi ya Mahale walikuwa tayari wamepanga foleni kwenye mizani. Namjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza.

Nimerusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwa miaka tisa, kwa vipindi viwili. Katikati nilikaa miaka minne kiti cha kulia, rubani msaidizi kwenye ndege ya shirika yenye injini mbili za propela. Watu wakilinganisha kazi hizi huanza na mshahara, kisha idadi ya viti. Mshahara nitaufikia. Idadi ya viti haikuelezi chochote kuhusu siku ya rubani itakavyokuwa. Mimi ninachokiangalia ni maamuzi mangapi yanabaki mikononi mwako, na kama kuna mtu karibu wa kukwambia umekosea.

Chukua hiyo safari ya Mahale. Kwa Caravan ni kama nusu saa kuelekea kusini, ziwa likiwa kulia na milima kushoto. Abiria ni watalii wanaokwenda kuwaona sokwe. Wakishuka kiwanjani wanapanda boti, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna barabara. Asubuhi mimi ndiye ninayepima mabegi, mimi ndiye ninayewaomba wageni wapande mizani mmoja mmoja, na mimi ndiye ninayeamua nani akae mbele na begi gani liende kwenye sanduku la mizigo chini ya tumbo la ndege. Grand Caravan ya kawaida hairuhusiwi kupaa ikizidi kilo 3,969. Mafuta ukijaza matangi yote mawili ni takribani tani moja, na ndege yenyewe tupu imeshachukua zaidi ya nusu ya uzito unaoruhusiwa. Kwa hiyo matangi yakijaa, viti havijai. Kila asubuhi unachagua: mafuta ya kutosha kwenda, kurudi na kukimbilia kwingine hali ya hewa ikigeuka, au abiria wawili zaidi. Anayekodisha ndege anataka wale abiria wawili. Wewe unawaza mawingu ya alasiri.

Wengi hawalielewi hili la mawingu. Ndege ya shirika kabini yake imejazwa hewa ya shinikizo, kwa hiyo inapanda futi 25,000, na jeti zinapita hata 35,000. Huko juu sehemu kubwa ya hali mbaya ya hewa inabaki chini yako. Kabini ya Caravan haina shinikizo, hivyo ukiwa na abiria unasafiri karibu na futi 10,000, pale pale mawingu yanapojijenga. Kuanzia Novemba hadi Aprili joto la mchana na unyevu wa ziwa vikikutana na ukuta wa milima ya Mahale, ambako kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462, radi haichelewi. Kiangazi nacho kina lake: moto wa nyika unaujaza mkoa moshi, na kuna siku mwambao wa Kongo hauonekani kabisa. Halafu injini ni moja. Ndiyo maana nafuata ufuo badala ya kukata katikati ya maji, ili ikizima nibaki na nchi kavu ninayoweza kuifikia kwa kuelea bila injini.

Tabora ni somo jingine. Uwanja wake uko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko futi 6,500 hivi. Bawa linashika hewa haba, propela inavuta hewa haba, injini inapumua hewa haba. Unakimbia njia ndefu zaidi kabla ya kupaa, na ukishapaa unapanda polepole. Pale mjini njia ya kurukia ni ndefu, huimalizi. Lakini toka hapo ukatue kwenye kiwanja cha changarawe ndani ya hifadhi ya Katavi, saa saba mchana, kwanza upite chini kufukuza pundamilia, ndipo hesabu ya asubuhi inapokudai. Hakuna mnara wa kukwambia upepo unavuma vipi. Unatazama soksi ya upepo, unatangaza redioni ulipo hata kama hakuna anayesikiliza, unatua.

Sasa nieleze kwa nini niliondoka mara ya kwanza, maana kijana alidhani nilifuata pesa.

Ilikuwa Novemba, alasiri, nina abiria sita kuelekea Mahale. Kambini walinithibitishia kwa simu kwamba kwao ni kweupe, na kweli kulikuwa kweupe. Mbele ya kiwanja, upande wa milima, wingu lilikuwa linapanda huku nalitazama. Nikajiambia nitapita pembeni. Dakika kumi baadaye pembeni kulikuwa kumefunga. Nikageuza, nikarudi Kigoma salama, abiria wakanishukuru. Kampuni ilinung'unika kuhusu gharama ya mafuta, hilo nililitarajia. Usiku sikupata usingizi kwa jambo jingine kabisa: nilitakiwa kugeuza dakika kumi kabla, na katika ndege ile hapakuwa na mtu yeyote wa kuniambia. Kiti cha kulia kilikuwa na mtalii aliyekuwa anapiga picha. Ningeendelea hivyo miaka kumi, ningeamini kwamba kila nilichokifanya kilikuwa sawa kwa sababu tu nilirudi nyumbani.

Kwenye shirika nilikuta kinyume chake. Mafuta, njia, uzito na viwanja vya akiba vilikuwa vimeshapigiwa hesabu na watu wa ofisini kabla sijavaa kofia. Kazi yetu ilikuwa kukagua, kukubali au kukataa, na kutekeleza kwa usahihi. Mmoja anarusha, mwingine anafuatilia, na anayefuatilia ana wajibu wa kusema. Nakumbuka siku moja, tukikaribia kutua, nilipomwambia kapteni wangu, mtu mzima aliyenizidi umri kwa miaka ishirini, "Kapteni, kasi imezidi, hatujatulia." Akajibu neno moja, "Tunazunguka," akaongeza nguvu ya injini, tukapanda tena kwenda kujipanga upya. Hakukasirika. Chini aliniambia asante. Kwa mtu aliyelelewa kutomkosoa mkubwa, hiyo ilikuwa shule ambayo hata chuo cha urubani hakikunipa. Kila miezi sita unaingia kwenye simuleta, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, wanakuzimia injini wakati wa kupaa, wanakuwashia moto, na unatoka umeloa jasho ukijua ulipo dhaifu. Ni usalama wa kweli, na mtu anayeudharau kwa kusema marubani wa mashirika ni madereva wa basi hajui anachosema.

Basi kwa nini nilirudi? Kwa sababu raha yangu inaanzia kwenye ile mizani ya asubuhi. Naipenda hesabu ninayoifanya mwenyewe na kuilipia mwenyewe. Napenda kumjua kwa sauti yake na kwa mikono yake fundi aliyefunga ile propela. Napenda kutua mara saba kwa siku. Rubani wa Boeing 787 kwenye safari za mbali anaweza kumaliza wiki nzima bila kushika usukani wakati wa kutua, na sheria za kimataifa zinadai kupaa na kutua mara tatu tu ndani ya siku 90 ili aendelee kuwa halali. Nina rafiki huko ambaye hutimizia tatu zake kwenye simuleta. Yeye ameridhika, na namwamini anaposema hivyo, kwa kuwa anachokipenda ni ukubwa wa mfumo wenyewe: watu zaidi ya mia mbili, mabara mawili, kila kitu kikienda kwa dakika. Mimi nilikuwa nikishuka Kigoma na ile ndege ya shirika, dakika arobaini chini, nanusa migebuka ikichomwa mbali, kisha narudi Dar kulala. Hilo liliniuma zaidi ya nilivyodhani.

Lakini mdogo wangu, sikufichi upande mgumu.

Mshahara wa ndege ndogo hufuata msimu. Masika kambi nyingi za Mahale na Katavi hufungwa, na palipo na malipo kwa saa unazoruka, Aprili mfuko unakauka. Shirika lina mshahara wa mwezi, bima na ngazi inayoeleweka, toka rubani msaidizi mpaka kapteni.

Halafu kuna umri. Kwa viwango vya kimataifa, anayebeba abiria wa biashara akiwa rubani peke yake anasimama akitimiza miaka 60, wakati wenzake wanaoruka wawili wanaendelea hadi 65. Ukishapita 40, huyo wa peke yake cheti chake cha afya kinapungua muda, kutoka miezi kumi na miwili hadi sita. Miaka mitano ya kazi ni pesa nyingi. Hakuna aliyeniambia hayo nilipoanza.

Na kuna mtego wa saa. Leseni ya juu, ya rubani wa shirika, inadai saa 1,500 za kuruka, na kwenye Caravan utazifikisha haraka kwa sababu unaruka sana. Lakini kwenye usaili hawahesabu jumla peke yake. Wanatafuta saa za injini mbili, wanatafuta kazi ya marubani wawili. Nimewaona wenye saa 4,000 za injini moja, watu wanaoweza kutua gizani kwenye upana wa mkeka, wakipitwa na kijana wa saa 400 aliyefundishwa kufanya kazi na mwenzake tangu siku ya kwanza. Waliudhika, nawaelewa. Ila walikaa miaka kumi na mbili bila kufanya mtihani hata mmoja wa leseni ya juu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeichukua ile nafasi ya ndege ndogo, sasa hivi, bila kusubiri simu ya Dar, maana rubani asiyeruka anasahau. Ningefanya mitihani ya leseni ya juu ndani ya mwaka wa kwanza, kichwa kikiwa bado na moto wa chuo. Ningetunza kibali cha injini mbili na cha kuruka kwa kufuata vyombo pale nje pasipoonekana, hata kama kwa pesa yangu. Na ningesoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, kila safari, kana kwamba kuna mtu kiti cha kulia. Mimi nafanya hivyo hadi leo na abiria wanadhani naongea nao. Ukifika mwaka wa tatu, jiulize tena. Wazee nyumbani watakuwa wameshazoea.

Jumamosi nina Mahale tena, na kiti cha kulia hakina mgeni. Kampuni imeniruhusu nikubebe. Fika saa kumi na mbili asubuhi, begi moja laini lisilozidi kilo tano, na nitumie uzito wako wa kweli kabla ya Ijumaa jioni ili nijue niweke mafuta kiasi gani. Tukishafika juu ya ufuo, nikikosea, sema.