Mfinyanzi wa Kinangop: udongo usioonekana kutoka juu

Viazi vinavyoshushwa sokoni Kongowea, hapa Mombasa, kutoka Nyandarua huja na udongo wao, na kwa mtu wa kazi yangu, ya kuchunguza udongo, huo ni sampuli ya bure. Ule unaobaki kwenye viazi vya Kinangop, ukishakauka ndani ya gunia, huwa wa kijivu kilichopauka. Ukiulowesha kidogo na kuusugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, huteleza kwa ulaini lakini haunati, na ukijaribu kuuviringisha uwe uzi mwembamba hukatika mara moja. Mtu akiambiwa kwamba huo umetoka katika mojawapo ya ardhi nzito za mfinyanzi za nyanda za juu za Kenya, ana haki ya kuuliza mfinyanzi wenyewe uko wapi. Jibu ni kwamba haukusafiri. Umebaki shambani, chini ya kina ambacho kiazi hukomea, na tabaka hilo la chini ndilo linaloupa udongo huu tabia yake.

Uwanda wa Kinangop umelala chini ya milima ya Nyandarua, ambayo wengi bado huiita Aberdare, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 hadi 2,700, na upande wa magharibi unaporomoka kuelekea Naivasha katika Bonde la Ufa. Kabla ya kulimwa, sehemu kubwa ya uwanda huo ilikuwa mbuga ya nyasi ziotazo kwa mafungu, na katika mabaki ya mbuga hizo ndimo anamoishi Macronyx sharpei, ndege mdogo wa kifua cha manjano asiyepatikana nje ya Kenya. Wageni wengi hudhani kwamba miti ilikosekana kwa sababu ya baridi peke yake. Baridi ina sehemu yake, lakini mimi naupa udongo uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa miti ya aina nyingi haivumilii mizizi yake kukaa ndani ya maji kwa majuma kadhaa mfululizo na kisha kukaushwa kabisa.

Ukichimba shimo la uchunguzi katika udongo wa namna hii, tabaka la kwanza ni jeusi au la kahawia iliyokolea, limejaa mizizi ya nyasi, na linabomoka vizuri mkononi. Chini yake rangi inabadilika ghafla kuwa kijivu cha majivu. Tabaka hili la pili halina mizizi mingi, chembe zake ni za tope laini, na ndani yake mna punje ngumu nyeusi na za rangi ya kutu, ndogo mfano wa pilipili manga, ambazo ni chuma na manganizi vilivyoganda. Ukiponda punje moja kwa kucha, hubaki doa la kahawia kwenye kidole. Kisha unafika mahali ambapo kisu kilichokuwa kikipenya bila taabu kinagota. Hapo ndipo mfinyanzi unapoanza, na mpaka wake ni mkali kiasi kwamba unaweza kuuchora kwa ncha ya kisu katika ukuta wa shimo. Ukiwa mkavu, mfinyanzi huo umepasuka wima katika vipande vikubwa vyenye kingo kali, na ukiulowesha unaviringika kuwa uzi mrefu unaoweza kupindwa kuwa pete bila kukatika. Shimo likichimbwa majira ya mvua, maji huchuruzika kutoka tabaka la kijivu pembeni, ilhali mfinyanzi ulio chini yake, kwa ndani, una unyevu mdogo tu. Maji ya mvua yamekaa juu ya mfinyanzi kama yaliyomo ndani ya beseni.

Je, mpango huu wa matabaka ulitokeaje? Maelezo ambayo wanafunzi hufundishwa kwanza ni yale yaliyotolewa na Robert Brinkman mwaka 1970, yanayojulikana kama ferolisisi. Wakati wa mvua, vijidudu vya udongoni humaliza oksijeni na kuanza kutumia chuma badala yake, na chuma hicho kikigeuka kuwa cha aina inayoyeyuka huwasukuma kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kutoka kwenye chembe za mfinyanzi, nao huchukuliwa na maji. Kiangazi kikifika, hewa inarudi, chuma kinapata kutu tena, na asidi inayozalishwa wakati huo inaushambulia mfinyanzi wenyewe. Mzunguko huo ukirudiwa kwa muda mrefu sana, tabaka la juu hupoteza mfinyanzi wake na kubaki na tope laini lililopauka, huku la chini, ambalo maji hayalifikii kwa urahisi, likibaki zito. Naukubali mwenendo huo, lakini kwa ardhi ya volkano kama ya Kinangop naona si busara kuuachia kila kitu. Majivu na mashapo yaliyotua kwa vipindi tofauti yanaweza kuleta matabaka yasiyofanana tangu mwanzo, na mfinyanzi pia husafirishwa na maji kutoka juu kwenda chini. Mara nyingi sababu hizo hufanya kazi pamoja, na atakayedai moja tu ndiyo ya kweli anapaswa kuonyesha vipimo vya maabara, si rangi ya ukuta wa shimo.

Kwa upande wa uainishaji, udongo huu ni Planosoli. Jina hilo lilianza kutumika Marekani mwaka 1938, na leo Planosoli ni mojawapo ya makundi makuu 32 ya WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2022. Sifa mbili ndizo zinazoamua. Ya kwanza ni badiliko la ghafla la umbile: ikiwa tabaka la juu lina mfinyanzi chini ya asilimia 20, la chini yake lazima liwe na angalau mara mbili ya kiasi hicho, na ikiwa la juu lina asilimia 20 au zaidi, la chini lazima lizidi kwa pointi 20 za asilimia, yote hayo ndani ya sentimita chache tu. Ya pili ni dalili za maji ya mvua kutuama karibu na mpaka huo, yaani rangi iliyopauka, madoa ya kutu na zile punje nilizozitaja. Wamarekani wa sasa, katika mfumo wao wenye oda 12, yaani makundi yao makuu, hawana oda ya Planosoli, na udongo wa namna hii kwa kawaida huuweka katika kundi la Albakwalfi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba ufunguo wa WRB, yaani orodha ya maswali ya kuutambua udongo, husomwa kwa mpangilio, na kundi la kwanza ambalo masharti yake yametimia ndilo linalochukua udongo. Vertisoli, yaani kundi la mfinyanzi unaovimba na kupasuka, huulizwa kabla ya Planosoli. Kwa hiyo ukikuta mfinyanzi wa asilimia 30 au zaidi kutoka juu mpaka chini, wenye nyufa zinazofunguka na kufunga kwa majira, na nyuso zinazong'aa mahali ambapo mabonge yamesuguana yakivimba, umeshatoka katika Planosoli hata kabla ya kulifikia swali lake. Hapa kwetu Mombasa tofauti hiyo ina maana kwa watu wasiolima hata mchicha. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, lakini ukishavuka kwenda bara, pande za Changamwe na Miritini, unakutana na miamba laini ya matope ya zama za Jurasiki, na mfinyanzi unaotokana nayo huvimba na kusinyaa mpaka kuta zisizo na msingi wa kutosha zikapasuka. Fundi wa Miritini akiniambia kwamba mfinyanzi ni mfinyanzi tu, ninamwelewa, kwa sababu aliouzoea unaanza kujionyesha hapo hapo juu. Ule wa Kinangop umefunikwa.

Kuna pia mtego wa upande wa pili. Kwa kuwa eneo ni la volkano na udongo wa juu ni mweusi, baadhi ya ripoti huandika Andosoli, yaani udongo wa majivu ya volkano, bila kupima chochote. Andosoli zipo, ila ni za miteremko ya juu ya milima ileile: ni nyepesi, sentimita moja ya ujazo haizidi gramu 0.9 ikiwa kavu, hupitisha maji vizuri na huishikilia fosfati kwa nguvu sana. Ukishuka mteremko unakutana na udongo mwekundu wenye kina, na kwenye uwanda uliolala ndipo Planosoli zinapotawala, kwa sababu maji hayana pa kwenda. Mfuatano wa aina hii kutoka mlimani hadi bondeni ndio ambao Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa Amani katika milima ya Usambara, aliupa jina la katena mwaka 1935, na bado sijaona njia bora ya kuwaeleza wanafunzi wetu kwa nini mashamba mawili yanayopakana hayapaswi kupewa ushauri mmoja.

Baada ya kundi kuu huja sifa za nyongeza, na hapo macho hayasaidii tena. Ikiwa alumini iliyoshikwa na chembe inazidi jumla ya kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu, udongo unaitwa Distriki, na chokaa inakuwa ya lazima. Kinyume chake ni Yutriki, na hapo fedha ya chokaa ni heri itumike kuchimba mitaro. Sodiamu nayo hupimwa, kwani ikizidi asilimia 15 ya madini yaliyoshikwa katika tabaka la mfinyanzi, huenda udongo ukaangukia Solonetsi, kundi ambalo huulizwa hata kabla ya Vertisoli. Vyovyote itakavyokuwa, mkulima wa viazi atapanda juu ya matuta yaliyoinuliwa, atayaelekeza maji nje ya shamba, na hataruhusu plau izame mpaka kuuleta mfinyanzi juu. Akitaka kuchimba bwawa la kunyweshea ng'ombe, hata hivyo, ni mfinyanzi huohuo utakaomwekea maji, kwa sharti kwamba kingo za bwawa zisiachwe kuishia katika tabaka la kijivu.