Skrini ya pili: TV inaongea, wewe uko kwa simu

Skrini ya pili ni ile simu au tableti uliyoshika huku TV inaendelea. Ile tabia ya kucheki mechi huku unaskrol TikTok na kujibu magrupu ya WhatsApp ndio inaitwa kutumia midia kadhaa kwa mpigo, na matangazo ya skrini ya pili ni yale yanayotengenezwa na watu wanaojua kabisa kwamba macho yako hayapo kwenye TV.

Ubongo haufanyi vyote viwili pamoja, unarukaruka tu, huku kidogo kule kidogo, na kila ukiruka kuna kitu kinakupita. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watu waliozoea sana huu mchezo, wakakuta hata kwenye kuruka kwenyewe, ambako ungedhani ndio mafundi, walikuwa wazito kuliko wenzao na vitu visivyowahusu viliwavuruga kirahisi. Sasa mfikirie aliyelipia sekunde 30 za TV, tangazo linaanza tu na sebule nzima imeinamia simu.

Ndio wenye matangazo wakaona bora wakufuate hukohuko kwenye simu. Super Bowl (fainali ya futiboli ya Kimarekani) ya 2013 pale New Orleans umeme ulikatika, mechi ikasimama dakika 34, watu wakahamia Twitter, na Oreo wakaposti picha ya biskuti yenye ujumbe kwamba hata gizani unaweza kuchovya. Basi, posti moja tu, na dunia ikaiongelea, wakati wenzao usiku ule walikuwa wanalipa dola milioni kadhaa kwa nusu dakika. Coinbase, kampuni ya kununua na kuuza sarafu za kidijitali kama Bitcoin, kwenye Super Bowl ya mwaka 2022 wakafanya kinyume, wakalipia dakika nzima ya TV wakaweka mraba wa QR unaoelea kwenye skrini nyeusi, hakuna maneno, mpaka mwishoni, watu wakaskani kwa wingi mpaka app ikazidiwa ikagoma.

Watu wengi wanadhani lengo ni kukuvutia tu, kumbe kikubwa ni kuhesabu. TV ya antena haijui nani kaangalia, inaweza kuwa inaongea na kochi. Ukiskani tu wanajua saa ngapi, simu ya aina gani, uko mji gani takriban, na kama umenunua au umeishia njiani.

Huku kwetu wanaoijua hii vizuri ni kampuni za kubeti (hao hawalali): mechi iko kwa TV, odds zinabadilika kwa simu kila dakika, tangazo linakukumbusha mkeka na pesa ya kuweka iko kwenye simu hiyohiyo. Hapo simu sio ya kukupeleka dukani, ni duka lenyewe.

Halafu kuna upande unaotisha kidogo. Teknolojia ya SilverPush, kampuni ya India, ilikuwa inaweka kwenye tangazo la TV mlio ambao sikio la binadamu halisikii, lakini app yenye ruhusa ya maikrofoni inaudaka na kujua umeangalia nini. Machi 2016 FTC, wale wanaolinda walaji Marekani, waliwaandikia barua za onyo watengenezaji 12 wa app waliokuwa na hiyo kitu ndani. Kwa hiyo ingia setingi uone nani umempa maikrofoni, maana app ya tochi sijui inataka kusikiliza nini.