Kitabu cha Kale Kikisomwa kwa Sauti, Msikilizaji Ajue Nani Anasema

Wachungaji, mapadre na makatekista wa Dodoma, Bahi na Chamwino wanaotaka kurekodi vitabu vya mababa wa Kanisa kwa Kiswahili hutuuliza kwanza wanunue kipaza sauti gani. Swali hilo tunalijibu hapa chini, ila rekodi nyingi huharibika mapema zaidi: maandishi yanapelekwa studio bila kutayarishwa kwa ajili ya sikio.

Mchukue Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyefariki mwaka 373. Akiwajibu wafuasi wa Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, huutaja kwanza usemi wao kwamba palikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako, ndipo aubomoe. Msomaji wa kitabu anaziona alama za kunukuu. Mama anayesikiliza simu huku akipepeta uwele hazioni. Akiusikia usemi huo kwa sauti ileile ya Athanasio, atalishika fundisho ambalo Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilikataa mwaka 325, akidhani ndilo la kanisa lake. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu katika kitabu chake kikuu, Summa Theologiae, kila suala huanza na hoja za upande asiokubaliana nao, tena hoja nzito, na jibu lake huja baadaye.

Tafuteni basi msomaji wa pili wa kusoma hoja za wapinzani. Asipopatikana, ongezeni maneno mafupi kama "wapinzani husema", na mwanzoni mwa rekodi mseme wazi kwamba mmeyaongeza. Hoja hizo zisisomwe kwa sauti ya kejeli. Thoma mwenyewe alizipa uzito wake, na anayezidhihaki anakidhulumu kitabu.

"Rum. 8:3" isomwe "Warumi, sura ya nane, mstari wa tatu". Tanbihi inayofafanua jambo isomwe mwishoni mwa aya. Inayotaja kurasa tu iachwe.

Kuhusu haki, wengi hujikwaa hapa. Augustino alifariki mwaka 430, lakini aliyemtafsiri kwa Kiswahili huenda yu hai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda hata mfasiri, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ombeni kibali cha maandishi kwa mchapishaji, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wataelekeza.

Kipaza sauti cha kawaida kinatosha, kikae shibiri moja hivi kutoka mdomoni. Chumba ndicho kinachosumbua zaidi: bati hulia kwa upepo wa kiangazi na kwa mvua, kwa hiyo rekodini alfajiri, na kuta mzifunike kwa magodoro au mablanketi. Nakala ya kuhifadhi iwe WAV, faili la sauti lisilobanwa. Ya kugawia watu iwe MP3, faili lililobanwa, ya mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 64 kwa sekunde. Saa moja itachukua takribani MB 29, nayo huingia hata kwenye kadi ndogo ya simu ya kitochi. Mnapoikata rekodi kuwa mafaili, msikate kati ya hoja na jibu lake, hata kama faili litakuwa refu kuliko mengine.