Kijana anatibiwa saratani na likizo ya kaskazi imeingia: maswali tunayoulizwa kila siku

Disemba skuli zinafungwa, kaskazi inavuma, na vijana wanaopewa dawa za saratani Dar es Salaam wanarudi Unguja na Pemba kupumzika baina ya mzunguko mmoja na mwengine. Nyumba inafurahi. Wachache wanarejeshwa wodini kabla ya siku yao, hali mbaya, na ukiuliza kilichotokea unaambiwa kitu kilekile kila mwaka: alipata homa, tukangoja asubuhi. Nitakirudia mpaka mnichoke.

Hizi dawa zinamfanya nini hasa?

Zinaua chembe zinazozaliana upesi. Saratani ni hivyo, lakini nywele pia, ngozi ya ndani ya mdomo pia, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele zinapuputika, mdomo unatoka vidonda, na chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, zinapungua. Kwa dawa nyingi hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Hesabu vizuri: siku hizo yuko kwenu, hayuko wodini.

Jioni amepata homa kidogo. Nimpe Panadol tulale, tuone asubuhi?

Hapana. Usimpe, msilale, msingoje asubuhi. Nyuzi joto 38 kwa mtoto anayepewa dawa za saratani ni safari ya spitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane ya usiku, hata iwe siku ya harusi.

Askari wakiwa hawapo, vijidudu vinaingia kwenye damu bila kelele. Hakuna jipu, hakuna usaha, pengine hata kikohozi hakuna. Mara nyingi homa ndiyo kengele pekee, na Panadol inaizima kengele huku mwizi yumo ndani. Mama mmoja alinihadithia huku pakiti ya vidonge bado iko mkononi: homa ilianza baada ya Magharibi, akampa viwili, joto likashuka, kijana akala hata nusu chapati. Alfajiri akamkuta mikono imepoa kama samaki wa barafu na maneno hayaeleweki. Alipona, kwa taabu. Angekuja usiku ule, angepata dawa ya kuua bakteria kwa mshipa. Lengo ni aipate ndani ya saa moja tangu afike mlangoni.

Lakini si joto la jua tu? Alicheza nje mchana kutwa.

Hapana.

Au malaria?

Atapimwa huko huko spitali. Kipimo cha duka la dawa kikisema hana malaria hakikuambii kwamba yu salama, na kikisema anayo hakikuambii kwamba hana jengine. Nendeni.

Sisi tuko Pemba, usiku, boti hakuna mpaka kesho.

Msingoje boti. Hili linanikera kuliko yote: watu wanakaa na mtoto mwenye homa Micheweni wakisubiri kuvuka Unguja, halafu Dar, kwa sababu "daktari wake yuko Muhimbili". Nendeni spitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Mkoani. Aanziwe dawa ya mshipa hapo, mambo ya kuvuka baadaye. Mlangoni msiseme "mtoto ana homa" mkakaa foleni. Semeni: "Anatibiwa saratani, ana homa." Muwe na karatasi yenye jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na simu ya daktari wake.

Nampimaje?

Themomita, si kiganja cha bibi. Kwapani, jasho limefutwa. Kwapa husoma chini kidogo, kwa hiyo 37.5 mpigieni daktari wake simu mara moja, 38 mko njiani. Njia ya haja kubwa msipime, wala msimtie dawa huko. Mchubuko mdogo tu unatosha kupitisha vijidudu. Diklofenaki, aspirini na Brufen msimpe bila ya daktari wake, kwani chembe za kugandisha damu nazo zimepungua.

Bibi yake anataka asomewe na apigwe chuku.

Asomewe dua, nani atakataa? Kombe, yaani aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa akanywa, maji yawe yamechemshwa na sahani imeoshwa. Chuku na chale hapana kabisa. Kumkata mtoto asiye na askari wala damu ya kuganda ni kumfungulia vijidudu mlango wa mbele.

Basi tumfungie ndani?

Nani kasema? Mtoeni. Baada ya Alasiri jua likipungua, kofia na mikono mirefu, maana baadhi ya dawa hizi huifanya ngozi iungue upesi. Anywe maji mengi. Ukiona mkojo umekoza rangi, anakunywa kidogo. Ila kuna dawa moja nyekundu inayotia mkojo wekundu siku moja au mbili, msishtuke.

Chakula kipikwe nyumbani na kiliwe kimoto. Embe na shokishoki zioshwe, zimenywe kwa mikono safi. Urojo wa barabarani na kachumbari iliyokaa, vingojee. Wageni waje wawiliwawili, wanawe kwa sabuni, na mwenye mafua abaki kwao asalimie kwa simu. Najua ni vigumu kumwambia shangazi. Mwambieni.

Anachoka, hataki vitabu vya skuli. Tumlazimishe?

Mwacheni! Baba mmoja alimletea mwanawe kitabu cha kemia wiki ya vidonda vya mdomo. Dawa hizi huifanya akili nzito, ukurasa mmoja unasomwa mara tatu. Mpeni vyepesi: visa vifupi, katuni, habari za mpira, vitendawili. Mdomo ukimuuma, mdogo wake amsomee kwa sauti, na akikosea maneno ndiyo raha yenyewe. Usiku bibi aseme "Paukwa", wengine waitike. Kitabu kilichoota ukungu stoo kiacheni huko huko, vumbi lake halifai kwa mapafu yake.

Themomita imeonyesha 37, lakini ameweka kitabu chini na anaomba shuka.

Saa nane ya mchana, kaskazi, nyumba nzima inajipepea, na yeye anaomba shuka? Huyo anatetemeka. Hiyo ni homa inayokuja. Msisubiri namba ipande. Mtieni kitabu chake mkobani pamoja na ile karatasi, mtafute gari.