Vumbi la stesheni huwa linaenda wapi

Juzi kwenye grupu la familia mtu katupia picha ya stesheni ya treni ya kisasa, vioo juu mpaka chini, ngazi za umeme, na chini yake kaandika Mtwara yetu inakuja. Watu wakajaza vikopa pale, afu mama yangu mdogo wa Mikindani akanipigia kabisa, akasema mwanangu we si ndo unafanyaga hizo kazi za mazingira, sa hebu niambie, likianza kujengwa hilo dude vumbi lake lote linaenda wapi? Nikacheka kwanza. Baadae nikakaa nikaona huyu mama kauliza kitu ambacho nimekaa vikao vya mainjinia miaka yote hii na sijakisikia kikiulizwa kikiwa kimenyooka hivo.

Kwahiyo namjibu yeye, na nyie mnaopita humu someni tu.

Tuwekane sawa kwanza. Huku kusini kwa sasa hatuna treni hata ya dawa. Reli inayozungumzwa ni ya kutoka bandari ya Mtwara mpaka Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa na chuma. Ila tulishawahi kuwa nayo. Waingereza walivoleta ule mradi wao wa karanga 1947 walijenga reli kutoka Mkwaya, pale jirani na Lindi, kwenda Nachingwea, baadae bandari ya Mtwara nayo ikaunganishwa. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa 1951, reli ikajikongoja mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa. Sa mtu atasema dada, kama stesheni haipo unatuelezea nini. Ni hivi, mimi kazi nimejifunzia kwenye kufumua stesheni moja ya zamani mjini huko reli ya kati, mji siutaji, vibarua walikuwa wananiita Mama Mazingira na sio kwa sifa. Na stendi zetu, masoko yetu, bandari zetu zinafumuliwa na kujengwa upya kila siku, ugonjwa wake ni ule ule.

Kujenga stesheni mpya porini ni rahisi ukilinganisha na kufumua ya mjini. Ya mjini haifungwi. Abiria wanashuka na ndoo zao, mama ntilie yupo na sufuria lake, bodaboda wanagombea mlango, na wewe kijiko chako, ile mashine ya kuchimbia, kinachimba mita kumi kutoka hapo. Afu ile ardhi yenyewe sio mchanga wa kawaida, imekanyagwa na treni miaka hamsini, mia, kila injini iliyosimama pale ilidondosha kitu.

Hapa kwenye ardhi ndo nitakaa sana maana ndo watu wanapopapuuza. Karakana ya injini za dizeli, sehemu ya kujazia mafuta, mahali walipokuwa wanamwaga majivu enzi za mvuke, hapo ukichimba nusu mita unakutana na mchanga mweusi unanuka mpaka kichwa kinauma. Ule mchanga ni taka hatarishi, hautakiwi kupelekwa kujazia kiwanja cha mtu. Na kinachotokea saiti ni kwamba kijiko hakina pua, kinachota mweusi na mweupe kinarundika pamoja, jioni ulikuwa na tipa kumi za mchanga mchafu sasa una tipa mia. Umezidisha tatizo mara kumi kwa siku moja na gharama nayo imepanda hivo hivo. Dawa yake sio ngumu: kabla ya kuchimba unatoboa vishimo vya majaribio kwa gridi, unapeleka sampo maabara, unachora ramani, afu unamwambia opareta wa kijiko hapa mpaka hapa ni rundo la kushoto, linawekwa juu ya nailoni nzito na linafunikwa jioni mvua isilioshe. Mimi nilikuwa napaka chokaa ya rangi chini kabisa, kama uwanja wa mpira, maana opareta hasomi ripoti yangu ya kurasa mia tatu na wala simlaumu.

Mataruma nayo, yale magogo yanayolala chini ya reli. Ya mbao ya zamani yalichovywa kwenye kriosoti, ile lami lami nyeusi, ili mchwa wasile. Mbao ngumu, kavu, ya bure. Ukiyarundika nje ya uzio usiku mmoja asubuhi huyakuti, yako jikoni kwa watu yanapikiwa maharage, na moshi wake ni sumu. Kwahiyo yanahesabiwa moja moja yakitoka, kama korosho kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika, gunia lina namba na mzani.

Kosa langu mwenyewe nilisimulie hapa hapa. Jengo la zamani lilikuwa limeezekwa kwa zile shiti za kijivu za asbesto. Utaratibu naujua: unazilowesha maji, unafungua misumari bila kuzivunja, watu wana barakoa zile za kuchuja chembe ndogo kabisa na ovaroli za kutupa, shiti zinafungwa nailoni mara mbili, zinaandikwa, zinapelekwa kufukiwa sehemu iliyoruhusiwa. Tulifanya yote hayo vizuri, siku tatu. Ya nne ilikuwa Ijumaa nikaenda kuswali, kurudi nakuta mkandarasi mdogo kawahi kumalizia ukumbi wa nyuma, shiti zimevunjwa kwa nyundo, nzima nzima zimegaiwa kwa majirani kama zawadi. Jumamosi yote nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba mabanda ya kuku yaezuliwe. Mzee mmoja akanijibu binti yangu, hii mimi imenikalia juu ya kichwa miaka thelathini nikiwa karani humo stesheni, leo kuku wangu ndo wafe? Utamjibu nini. Magonjwa ya asbesto yanachukua miaka kumi mpaka arobaini kujitokeza, huwezi kumuonesha mtu leo. Nikanunua mabati kwa hela ya ofisi nikabadilishana naye, bati moja kwa shiti moja, na mabati hayo hayakuwa kwenye bajeti.

Bajeti. Hili ngoja niliseme wazi kwasababu watu wanadhani mazingira yanalindwa na ile ripoti ya tathmini. Sheria tunayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kanuni za tathmini za 2005 zikarekebishwa 2018, cheti cha mazingira kinatolewa, na wasimamizi wa mazingira wa taifa, tuliozoea kuwaita NEMC, ofisi yao ya kanda ya kusini ipo hapa hapa Mtwara. Sawa. Ila mkandarasi anafanya kilichopo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwenye mkataba, basi. Kama kwenye BOQ imeandikwa hatua za mazingira, jumla, afu kapiga kiasi kidogo ili ashinde tenda, hapo huna kitu, kila ukimwambia mwaga maji atakuonesha ule mstari mmoja. Lakini ukiandika boza la maji safari kadhaa kwa siku, bei kwa safari, anaileta mwenyewe bila kusukumwa maana kila safari anaidai. Toka nilipolielewa hilo nikiitwa kwenye mradi siombi tena kuona ripoti, naomba BOQ.

Sasa vumbi la mama mdogo. Huku kwetu kiangazi ndo wakati wa kusi, upepo unatoka baharini kusini mashariki unasukuma kwenda kaskazini magharibi, miezi na miezi, hauyumbi sana. Maana yake vumbi la saiti lina anuani. Ukishajua hilo rundo la udongo unaliweka upande ambao mbele yake hamna nyumba wala shule, barabara ya tipa nayo hivo hivo, na tipa zinafunikwa turubai kabla ya geti sio baada. Kuhusu muda, hapa wakulima wa korosho wametutangulia sana. Kila mtu huku anajua salfa, ile dawa ya mikorosho, inapulizwa alfajiri, upepo umelala na majani yana umande, ukipuliza saa sita unamlisha jirani salfa. Kusogeza udongo ni vile vile, kazi ya vumbi fanya asubuhi mapema, mchana kusi likiamka hamia kwenye zege na nondo. Ila kuna mtego: asubuhi mapema ndo watu wamelala, na hewa ikitulia sauti inasafiri mbali zaidi. Kwahiyo unachagua, kijiko kinachochota udongo kimya kimya ruksa saa kumi na mbili na nusu, ila mashine ya kuvunja zege ikae mpaka saa mbili. Na nguzo za msingi ukiweza zichimbwe kwa kuzungusha badala ya kugongwa kwa nyundo, ile nyundo inapasua mpaka sahani kabatini.

Maji ya kumwagia. Niliwahi kuona saiti moja ya pwani, siitaji wala mwenye nayo simtaji, wanavuta maji ya bahari kwasababu ya bure. Na vumbi lilitulia kweli nisiwe mnafiki, chumvi inashika unyevu kuliko maji baridi. Ila miezi michache mbele miarobaini ya pembeni ikaanza kukauka kuanzia ncha, nondo zilizolala chini zikatoa kutu nyekundu, na kisima cha jirani kikabadilika ladha. Mchanga wetu wa pwani haushiki kitu, unachomwaga juu kinateremka.

Hiyo ndo inanipeleka kwenye mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ya darasa la tano. Paa la stesheni la mita za mraba 5,000 likipata mvua ya milimita 50, ambayo kwa huku masika sio ajabu, ni lita 250,000, na hapo hujaweka maegesho na jukwaa vilivyomwagiwa zege. Zamani mchanga ulikuwa unayanywa yote. Sasa yanakwenda kwa jirani wa bondeni, na kwa Mikindani bondeni ni mikoko na ghuba, huko ndo kamba na samaki wadogo wanakolelewa. Dawa ni kuyashika juu, matenki ya kuogeshea mabehewa na vyoo, yanayobaki yaende kwenye bwawa la mchanga yazame taratibu, na yanayotoka karakana lazima yapite kwenye chemba ya kutenganisha mafuta kwanza. Kama kuna kimbunga Kenneth kingine kinakuja, kile cha Aprili 2019 kilichotupita kikaangukia Msumbiji, usipime mfereji kwa mvua ya wastani.

Kuna jambo huwa halipo kwenye mawazo ya mtu yeyote mpaka siku linapotokea, vitu vya kale. London walipochimba stesheni ya Liverpool Street kwa ajili ya reli mpya, 2015 walitoa mifupa ya watu zaidi ya 3,000 kwenye makaburi ya zamani. Stuttgart kule Ujerumani wao waliwasumbua mijusi, ikabidi wahamishwe maelfu. Nikihadithia hizi watu wanacheka, mijusi jamani. Sa nawauliza, Tendaguru iko wapi? Si Lindi hapo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walitoa pale zaidi ya tani 200 za mifupa ya dainosa na mawe yake, ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka bandarini, na dainosa mmoja kasimama Berlin mpaka leo, kimo mita 13. Mikindani nako kila ukichimba choo unaweza kukutana na vigae vya mtu wa miaka mingi. Kwahiyo mkataba uwe na kipengele kwamba kikionekana kitu, kijiko kinasimama, watu wa Idara ya Mambo ya Kale wanaitwa, na mkandarasi analipwa siku alizosimama. Bila hilo la mwisho opareta atafukia haraka na hutakaa ujue.

Mama ntilie na machinga nimewasahau karibu, nao ni mazingira pia. Wakihamishiwa mahali pasipo na choo na maji umehamisha kinyesi tu. Wapewe sehemu, karibu na njia ya abiria, kabla mabanda hayajaguswa.

Mwisho wa ile kazi yangu ya reli ya kati nilirudi pale baada ya mwaka, stesheni inameremeta, nikanunua chai nikaenda nyuma kuangalia ile chemba ya mafuta niliyoipigania miezi minne. Inatakiwa ifyonzwe kila inapojaa, la sivyo mafuta yanapita juu kwa juu kama vile haipo. Mfuniko una kufuli zuri tu la shaba. Nikamuuliza mlinzi ufunguo anao nani, akaniambia labda mkuu wa stesheni, mkuu wa stesheni akasema labda karakana, karakana wakaniuliza dada, chemba ipi?