Kivinjari Kinapoilemea Kompyuta ya Nyumbani

Katika kazi yangu ya ufundi wa kompyuta hapa Tanga, lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote ni kwamba mashine inakwama mara tu mtu anapoingia mtandaoni, na karibu kila anayeniletea lalamiko hilo huwa ameshafuta kashe ya kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kama Chrome) mara tatu au nne kwa ushauri wa jirani au wa fundi aliyemwendea kabla yangu. Naomba nianze na ushauri huo, kwa sababu unawagharimu watu fedha. Kashe ni akiba ya picha na mafaili ya kurasa ambayo kivinjari huyahifadhi kwenye diski ili kisilazimike kuyapakua upya. Ukiifuta, ukurasa wa gazeti ulioufungua jana utapakuliwa tena tangu mwanzo, na kwa anayetumia bando la simu hiyo ni data inayokatwa mara ya pili kwa kitu alichokwisha kukilipia. Kufuta kashe kunafaa pale tovuti fulani inapoonekana vibaya au inapogoma kuonyesha mabadiliko mapya, au pale diski inapokuwa imejaa pomoni. Nje ya hapo, hakuiondolei kompyuta uzito.

Jambo la kwanza ninalofanya ni kutenganisha uzito wa mtandao na uzito wa mashine. Ninafungua ukurasa mrefu wa maandishi, ninasubiri umalizike kupakuliwa, kisha ninazima Wi-Fi na kuuteremsha ukurasa ule taratibu hadi chini. Ukiteremka bila kusita, kompyuta haina kosa na tatizo liko kwenye intaneti. Ukikatakata, au kishale cha kipanya kikiganda, basi mtandao hauhusiki, kwa kuwa wakati huo haupo kabisa.

Mwezi uliopita niliitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye kompyuta mpakato yake aliinunua ikiwa imetumika, katika mzigo wa kutoka Ulaya. Ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi, ya GB 4, na diski ya kuzunguka.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Keti uifungue wewe mwenyewe, uone ninavyosubiri.”

Nilibonyeza alama ya kivinjari nikatazama saa. Dirisha lilichukua sekunde 48 kujitokeza, na muda wote huo taa ndogo ya diski iliyo ubavuni mwa mashine iliwaka bila kupepesa, huku feni ikivuma ingawa hapakuwa na ukurasa hata mmoja uliofunguka. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows, na hapo maelezo yalikuwa wazi: kumbukumbu ilikuwa imejaa kwa asilimia 94, na diski ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 100.

Namba hizo mbili zikipanda pamoja, moja huwa imezaliwa na nyingine. RAM inapokaribia kujaa, Windows huhamishia kwenye diski zile sehemu za kumbukumbu ambazo haizihitaji kwa wakati huo, ndani ya faili liitwalo pagefile.sys, kisha huzirudisha pindi zinapohitajika. Kusoma kitu kutoka RAM huchukua takribani nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake hakina budi kusogea hadi mahali sahihi na kusubiri sahani ifike chini yake, huchukua milisekunde 10 au zaidi, yaani mara 100,000 ya muda ule. Kila Mwalimu alipotoka kichupo (tab) kimoja kwenda kingine, mashine ilikuwa inautafuta ukurasa wake kwenye sahani inayozunguka, na ndiyo maana alikuwa akisubiri.

Watu huniuliza kwa nini mashine hiyo hiyo ilikuwa nyepesi miaka kumi iliyopita. Kurasa zenyewe zimekuwa nzito, hilo ni kweli, lakini vivinjari pia vimebadilika kwa makusudi. Tangu ilipotolewa mwaka 2008, Chrome imekuwa ikigawa kazi zake katika michakato mingi, yaani vipande vya programu vinavyoendeshwa kila kimoja peke yake, ili kichupo kimoja kikianguka kisiviangushe vingine. Januari 2018 ulipotangazwa udhaifu wa prosesa (ubongo wa kompyuta) unaojulikana kwa jina la Spectre, ambao ungeweza kuruhusu tovuti moja kuchungulia siri za nyingine, Chrome ilianza mwaka huo huo kuitenga kila tovuti katika mchakato wake, na Google wenyewe walieleza kwamba hatua hiyo inaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Hiyo ni bei ya usalama, nami naona inastahili kulipwa, hasa na mtu anayefungua akaunti ya benki na tovuti za burudani katika dirisha moja.

Hata hivyo GB 4 peke yake haikuieleza ile feni. Ndani ya Chrome yenyewe nilibonyeza Shift na Esc, ikafunguka orodha ya michakato yake, nikaipanga kwa matumizi ya prosesa. Mstari wa juu kabisa haukuwa ukurasa wowote. Ulikuwa kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, cha kubadilisha hati kuwa PDF, ambacho Mwalimu alikisakinisha mara moja tu, siku alipotakiwa kutuma fomu, na tangu siku hiyo kilikuwa kikiamka kila kivinjari kilipofunguliwa. Nilikiondoa, na feni ikatulia kabla sijamaliza kueleza nilichofanya. Asiyeijua orodha hiyo anaweza kufungua dirisha fiche (Incognito), ambamo kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi, kisha alinganishe. Katika Firefox, orodha kama hiyo hupatikana kwa kuandika about:processes kwenye sehemu ya anwani.

Kisha niliwasha Memory Saver katika mipangilio ya utendaji, huduma iliyoanza kusambazwa Desemba 2022, ambayo huachilia kumbukumbu ya vichupo visivyotazamwa kwa muda na kuvipakia upya ukivirudia. Nilizima pia ruhusa ya Chrome kuendelea kufanya kazi chinichini baada ya dirisha kufungwa. Arifa za tovuti zilizokuwa zikichomoza pembeni, matokeo ya kubonyeza “Ruhusu” bila kusoma, nilizifuta zote.

Video ni shauri jingine. Mashine inayolemewa na video peke yake mara nyingi haina tatizo la kumbukumbu: video za YouTube huletwa kwa wingi katika muundo wa VP9, ambao kompyuta nyingi za kabla ya 2016 haziwezi kuufumbua kwa kadi ya picha, hivyo prosesa hubebeshwa kazi yote. Hakikisha uharakishaji kwa kutumia maunzi (hardware acceleration) umewashwa katika mipangilio ya kivinjari, kisha shusha ubora wa video hadi 480p. Vumbi kwenye feni huzidisha tatizo hilo, kwa sababu prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe.

Baada ya hayo, kivinjari cha Mwalimu kilifunguka kwa sekunde 21. Kupunguza zaidi ya hapo kulihitaji vifaa, na katika mashine yenye diski ya kuzunguka mimi huanza na SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, kabla ya RAM, kwa kuwa SSD ya SATA ya inchi 2.5 hukaa mahali pale pale pa diski ya zamani na husaidia tangu Windows inapowaka. RAM ya kufikisha GB 8 hufuata, na hapo naomba mnunuzi awe mwangalifu: kompyuta mpakato nyingi za mwaka 2013 hadi 2015 hivi hutaka RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35, na ukizitia DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, ambayo hutoshea vizuri kabisa, huenda zisiwake. Nilifungua kifuniko cha chini, nikasoma maandishi ya RAM iliyokuwemo, na nikamwandikia Mwalimu namba yake kwenye karatasi aende nayo dukani.